Mwizi wa Mihogo na Usalama wa Mataifa

Nilipelekwa Kasulu na wasomi wawili ambao hawakuwahi kukubaliana juu ya jambo lolote, hata juu ya saa ya kunywa chai. Mmoja alikuwa mwanahistoria, mwingine mtaalamu wa siasa. Chuo huko Dar es Salaam kilikuwa kimeamua kwamba shahada yangu ya pili, iliyohusu usalama wa mataifa, isimamiwe na wote wawili. Mwanahistoria aliamini kwamba hakuna ugomvi duniani ulioanza jana. Ukimwambia majirani wamepigana asubuhi, atataka kujua babu zao walichungia wapi ng'ombe. Mtaalamu wa siasa hakuwa na haja na babu wa mtu. Alitaka mchoro. Kwake ulimwengu mzima ulikuwa visanduku na mishale: huku dola, kule dola, katikati mshale, na juu ya mshale neno zito kama "kitisho". Wapiganapo tembo wawili ziumiazo ni nyasi, na nyasi nilikuwa mimi, mwanamke pekee katika darasa la wanaume waliovaa miwani wasiyoihitaji.

Mada yangu ilikuwa mpaka. Watu walikuwa wamekimbia mauaji Burundi wakavuka kuingia mkoa wa Kigoma, na mimi nilitakiwa kueleza nchi mbili zinakaaje salama wakati mahali pengine kinachozitenganisha ni kijito ambacho mbuzi anakiruka bila kulowa. Niliipenda mada hiyo kupita kiasi. Nilishuka kwenye treni Kigoma nikiwa na sanduku, barua ya utambulisho iliyojaa mihuri, na imani kwamba wananchi wa nyanda za juu wamekaa wananisubiri nije niwaulize maswali.

Hawakuwa wananisubiri. Ilikuwa miaka ile ya sabini ambapo kila mtu alikuwa anahamia kijiji kipya, anabeba mlango wa nyumba yake kichwani, na hana muda na mtu wa madaftari. Siku ya kwanza nilijitambulisha kwamba ninasomea usalama, watu wakainuka mmoja mmoja kwenda kuangalia kama mbuzi wao wamefungwa vizuri. Siku ya pili nikasema ninasomea historia. Wakarudi, lakini wakakaa mbali.

Kilichoniokoa ni kabila langu. Mimi ni Mnyamwezi, na Waha, wenyeji wa Kasulu, ni watani wetu. Nilikuwa nimesimama mbele ya ofisi ya wilaya, sanduku mkononi, sijui nitalala wapi, ndipo akatokea mama mmoja mnene aliyevaa koti la kiume juu ya kitenge. Akaniuliza kwetu wapi. Nikasema Tabora. Akauliza, Tabora kabila gani? Nilipomjibu, aliunyoosha mkono, akalichukua sanduku langu, akanitwika kichwani, kama babu zetu walivyobeba mizigo ya misafara ya pwani.

"Mpagazi habebi mkononi," akasema. "Twende."

Huyo ndiye mama balozi. Alikuwa mjane, balozi wa nyumba kumi, na koti lile lilikuwa la marehemu mumewe, aliyekwenda Tanga kukata mkonge naye akamfuata huko akiwa mwali. Huko Tanga ndiko alikojifunza Kiswahili, na ndiko alikokutana na Wanyamwezi, akajifunza kuwatukana kwa ufasaha. Nilikaa kwake muda wote wa utafiti wangu. Hakuwahi kuniita kwa jina. Nilikuwa mpagazi asubuhi, mtumwa mchana, na jioni, akiwa amefurahi, nilikuwa "huyu mzigo wetu". Mimi nilimwita manamba wa mashamba ya mkonge, nikamwambia ugali wake unanuka katani, na wageni waliopita njiani wakitusikia walidhani kuna mtu atauawa humo ndani.

Kazi yake ya ubalozi ilikuwa kuamua mashauri madogo ya nyumba zake. Kuku aliyedonoa mtama wa jirani, mume aliyerudi bila viatu, na zaidi ya yote wizi wa mihogo, ambao pale ulikuwa ugonjwa. Alisikiliza mashauri Jumapili baada ya kanisa, akiwa na koti lake, na hakuna polisi aliyethubutu kumwingilia. Mwizi wa mihogo ni wa balozi. Hiyo ilikuwa sheria ambayo haikuandikwa popote na kila mtu aliifuata.

Habari zangu zilipoenea sokoni, ikawa balaa. Kila siku ya soko kina mama wa Kasulu walinikamata. Mmoja ananishika nyuma, anapiga kelele, "Uko chini ya ulinzi!", wengine wananifunga mikono kwa kamba ya mgomba na kuchukua kikapu changu. Nisipojikomboa, nitaachwa nimekaa hapo kama gunia. Mtani hanuni, ukinuna umeshindwa, na ukoo wako wote umeshindwa. Basi nilijifunza kuinua mikono juu, nikakiri makosa yote niliyosingiziwa na mengine niliyojiongezea mwenyewe, hadi mtu atoe chumvi kidogo au muwa niachiliwe. Siku moja mama balozi alinikomboa kwa kitunguu kimoja, na njia nzima ya kurudi nyumbani alilalamika kwamba amepunjwa.

Niliwahi kumuuliza, kwa sauti yangu ya kisomi, faida ya mambo haya ni nini. Akanitazama kama mtoto aliyeuliza kwa nini maji yanalowesha. "Mimi ninayekutukana," akasema, "ndiye nitakayekuja kukuzika. Sasa utachagua uzikwe na nani? Na mtu mwenye adabu?"

Niliandika maneno hayo, kisha nikayafuta. Hayakuwa na kisanduku.

Mtaalamu wa siasa aliniandikia akidai mchoro. Nikaona niende wilaya ya jirani, Kibondo, karibu zaidi na njia walizopitia wakimbizi, nichore mishale yangu nikiiona kwa macho. Barua yangu ilikuwa na muhuri wa mkoa na muhuri wa Kasulu. Wa Kibondo haikuwa nao, na lori nililopanda lilipopita mjini pale nilikuta ofisi imefungwa, wote wamekwenda kulima shamba la kijiji. Nikasema muhuri nitaupitia wakati wa kurudi, nikaendelea hadi kijiji cha Murungu.

Nikakaa juu ya jiwe kando ya njia, nikachora. Kisanduku kimoja Burundi, kisanduku kimoja Tanzania. Mishale ikatoka kule ikaja huku, mingine myembamba, mingine minene, kulingana na watu walivyoniambia wamepita wengi wapi. Mshale mnene kuliko yote ulipita katikati ya Murungu. Nilikuwa naupaka rangi kwa kalamu nyekundu nilipoona vivuli viwili juu ya karatasi.

Walikuwa mgambo, mmoja na rungu, mwingine na bunduki ya mti waliyofundishiwa gwaride.

"Mwiriwe, mama," akasema mwenye rungu. "Unachora nini hapo?"

Nilisikia lafudhi ya Kiha, moyo wangu ukafurahi. Watani!

"Nachora vita," nikasema.

"Na huu mwekundu?"

"Huo ni jeshi langu. Linapita hapa Murungu, linamaliza mihogo yenu yote, halafu linakwenda Kasulu kuoa."

Wakatazamana. Mwenye bunduki ya mti akanyoosha mgongo.

"Uko chini ya ulinzi," akasema.

Niliyasikia maneno niliyoyasikia kila siku ya soko, na nikafanya nilichofanya kila siku ya soko. Niliinua mikono juu. "Mmechelewa," nikawaambia. "Jeshi limeshavuka." Kisha nikawanyooshea mikono wanifunge, nikitazama huku na huku kama kuna mtu karibu mwenye kitunguu. Wakanifunga. Ila kamba yao haikuwa ya mgomba, ilikuwa ya katani, na waliikaza. Hapo ndipo nilipoanza kuwa na wasiwasi.

Mdomo uliponza kichwa. Nilijaribu njiani kuwaeleza kwamba mimi ni mtani wao, lakini mtu aliyekiri ameleta jeshi hana maneno mengi yaliyobaki. Baadaye mwenye rungu aliniambia kwamba walijua labda ni utani. Lakini mwaka ule, mahali pale, walikuwa wameona watu wakija wakikimbia usiku na watoto mgongoni, na hakuna aliyetaka kuwa mgambo aliyecheka halafu ikawa kweli. Mimi ndiye niliyekuwa nasomea jambo hilo, na yeye ndiye aliyekuwa analifanya.

Kituo cha polisi kilikuwa kidogo, chumba cha mkuu, kaunta, na stoo. Mkuu wa kituo alikuwa mtu wa Lindi, mwembamba, mpole wa sauti, aliyeteswa na baridi ya kule hadi akavaa sweta mbili chini ya sare. Aliukunjua mchoro wangu mezani, akautazama, akaugeuza, akautazama tena.

"Ndugu mwanafunzi," akasema, "mishale hii inatoka nje inaingia ndani."

"Ndiyo, afande. Ni watu. Ni wakimbizi."

"Lakini uliwaambia mgambo ni jeshi."

"Nilikuwa nawatania. Mimi ni Mnyamwezi, wao ni Waha."

"Utani naujua," akasema. "Hata sisi kwetu tunao. Lakini fikiri uko mahali pangu. Jasusi hodari akitaka kuingia Kigoma, atajifunza nini kwanza? Si atajifunza utani?"

Katika miaka yangu yote ya chuo sikuwahi kupewa hoja ya usalama iliyonyooka namna ile, na ilikuwa imenielekea mimi.

Alisema atatuma neno Kasulu kwa dereva wa ushirika, amwite huyo mama balozi ninayedai ananijua. Kama hatafika kabla ya lori la kutoka Kigoma, nitapanda lori hilo nikajieleze kwa wakubwa. Nilijua maana yake. Wakubwa wa Kigoma wangeandikia wakubwa wa Dar es Salaam, na chuo kingepata habari kwamba mwanafunzi wake amekiri kuongoza jeshi la mihogo. Shahada ingekuwa imekwisha. Nikapelekwa stoo, kwa kuwa chumba cha mahabusu wanawake hakikuwepo.

Ndani, kati ya magunia ya mahindi na majembe, alikuwa amekaa mwanamke. Kwa umri angekuwa dada yangu mkubwa. Alikuwa mkimbizi wa Burundi, amekamatwa barabarani akitembea bila kibali, na yeye pia alikuwa anangojea lori lile lile. Wakimbizi walikuwa wanaondolewa karibu na mpaka na kupelekwa makazi mapya mbali, upande wa Tabora, kupitia Kigoma. Yaani kwetu. Serikali ilikuwa inampeleka kwetu asikotaka, na mimi kwetu nilikuwa nimekukimbia nije kumsoma yeye.

"Niko natafuta dada yangu," akasema, Kiswahili chake cha upande wa Kongo. "Aliolewa huku mbele ya vita kuanza. Rungwe Mpya. Ni yeye tu amebaki, kwa watoto wa mama yetu."

Rungwe Mpya ni huko huko wilaya ya Kasulu. Alikuwa ametembea sana, na bado alikuwa na safari. Akipanda lori, litampeleka mbali na dada yake na kumshusha mahali ambapo hawezi kurudi kwa miguu.

"Na wewe, umefanya nini?" akaniuliza.

"Nimetania."

Hakulijua neno. Nikamweleza utani, kwa bidii, jinsi watu wanavyotukanana na kukamatana na kukombolewa kwa chumvi. Alisikiliza kwa makini. Akafikiri.

"Miye hapa sina mtu wa kunitukana," akasema. "Wenye walitutukana kwetu, hawakuwa wanacheza."

Nikainama kuokota punje za mahindi sakafuni. Yeye ndiye aliyenihurumia, akabadilisha mazungumzo.

"Unasoma nini, huko shuleni?"

"Usalama wa mataifa."

Akatazama magunia, majembe, komeo la mlango.

"Na umeupata?"

Tulicheka hadi mgambo akagonga mlango kutuuliza kama tuko wazima.

Mama balozi alifika juu ya lori la ushirika, amekaa kileleni mwa magunia ya maharage, koti limefungwa vifungo vyote. Nilimsikia kabla sijamwona. Alikuwa anamgombeza dereva, barabara, na Wanyamwezi. Nikatolewa stoo nikasimamishwa mbele ya meza, na mlango ukaachwa wazi nyuma yangu, kwa hiyo yule dada wa Burundi alikuwa anaona kila kitu. Mgambo wangu wawili walisimama pembeni wakitazama sakafu.

"Shikamoo mama," afande akasema. "Unamfahamu huyu?"

Nilishusha pumzi. Nilidhani nimepona.

"Marahaba. Namfahamu sana," mama balozi akasema. "Ni mwizi."

Afande akainua macho.

"Ni mwizi, babu yake alikuwa mwizi, na ukoo wao wote ni wapagazi wanaoangusha mizigo ya watu. Anakula kwangu kama nzige. Mmefanya vizuri kumfunga. Ila kamba yenu naona nyembamba, ndiyo maana nimekuja na yangu." Akafungua koti, akatoa kamba ya mgomba aliyojizungushia kiunoni.

"Mama balozi!" nikalia. "Huu si wakati wake! Waambie kweli!"

"Kweli gani? Afande, anadanganya pia."

Nilitaka ardhi inimeze. Ndiyo kwanza nilielewa shimo nililochimba. Mtani wangu, akiwa mtani wa kweli, asingeweza kunisifu mbele ya watu. Angenisifu tu kama si mtani wangu. Kila tusi lake lilikuwa ushahidi kwamba ananijua, na kila tusi lilikuwa linanisogeza karibu na lori.

Afande akavuta mikono ya sweta ikafunika vidole. Alikuwa anayaelewa yote, nilimwona. Tatizo lake ni kwamba kuelewa hakukumsaidia.

"Mama," akasema taratibu, "maneno haya hata jasusi anaweza kutukanwa nayo. Nakuuliza jambo moja. Lori linakuja. Mtu huyu akiwa si mtani wako, akiwa ni kitu kingine, nani atajibu?"

Mama balozi akaacha kucheza. Sijawahi kuuona uso wake ukiwa vile, kabla wala baada. Akafungua vifungo vilivyobaki vya koti la marehemu, akalivua, akalikunja, akaliweka juu ya meza, juu ya mishale yangu.

"Nipandishe mimi," akasema. "Yeye arudi Kasulu. Ukija kujua alidanganya, mimi utakuwa nami."

Hakukuwa na mzaha ndani yake hata kidogo. Nilitaka kulia, na nikalia, na sikujali mgambo wananiona. Afande alilitazama koti lile muda mrefu. Kisha akalisukuma kumrudishia.

"Vaa mama, kuna baridi," akasema. "Mchukue mpagazi wako. Na barua yake ipigwe muhuri wa Kibondo kabla hajachora kitu kingine chochote."

Mama balozi alivaa koti lake, na alipomaliza kifungo cha mwisho alikuwa mwenyewe tena. Akatoa kitunguu kikapuni akakiweka mezani. "Fidia," akasema. "Nimeongeza, hana thamani hata ya nusu yake."

Ilipaswa tuondoke. Nilikuwa huru, shahada yangu ilikuwa hai, na mtu mwenye akili angetembea haraka. Lakini nilipogeuka nilimwona yule dada amekaa juu ya gunia lake, mikono magotini, anatutazama kama mtu anavyotazama nyumba ya wengine yenye moto wa kuota. Nikamwinamia mama balozi, nikamnong'oneza mambo yote: dada yake, Rungwe Mpya, lori.

Mama balozi alikwenda hadi mlango wa stoo, akaweka mikono kiunoni, akamkagua yule dada toka kichwani hadi miguuni.

"Yoo!" akapiga kelele. "Kumbe umejificha hapa! Afande, na huyu mwizi wa mihogo yangu mnampeleka wapi?"

Afande akafumba macho kidogo. "Mama, huyu ni mkimbizi. Ametoka ng'ambo."

"Ndiye. Namfahamu mgongo wake. Kaniibia shamba zima."

"Hajawahi kufika Kasulu. Amekamatwa huku huku Kibondo. Ataibaje mihogo ya Kasulu kabla ya kufika Kasulu?"

"Sasa umeona ni mwizi wa namna gani!" akasema mama balozi.

Mgambo mwenye rungu akakohoa. Afande hakucheka. Alijua, kama nilivyojua, kwamba Waha na watu wa Burundi hawana utani. Lugha zao ni karibu moja, ni ndugu, na ndugu hawatanii hivyo. Huo haukuwa utani wa mababu. Mama balozi alikuwa anautengeneza pale pale, mbele ya macho yetu, kwa mtu asiyemjua hata jina.

Afande akamgeukia yule dada. "Wewe. Uliiba mihogo ya mama huyu?"

Niliogopa kweli kweli. Mtu aliyekimbia watu wenye sare anaulizwa na mtu mwenye sare kama ni mwizi. Ni nani angejibu ndiyo? Akisema hapana, na hiyo ndiyo ilikuwa kweli, atapanda lori. Nilimtazama nikitamani kumweka maneno mdomoni. Yeye hakunitazama mimi. Alimtazama mama balozi, koti lake, kamba yake ya mgomba.

"Ego," akasema. "Niliiba." Akasimama kutoka juu ya gunia. "Lakini ilikuwa michungu. Nikaitupa."

Mama balozi akajishika kichwa kwa mikono miwili. "Mmesikia? Mmesikia jamani? Kaniibia, na bado anaisema vibaya!"

Mgambo mwenye bunduki ya mti aliangua kicheko hadi bunduki ikamtoka mkononi. Mwenye rungu akageukia ukuta. Hata afande, mtu yule wa baridi, mabega yalimcheza, akasimama akaenda dirishani akatupa mgongo. Alikaa hapo hadi alipoweza kusema.

"Wizi wa mihogo," akasema kwa dirisha, "si kesi ya kituo. Ni kesi ya balozi. Mama, mchukue mshtakiwa wako ukamhukumu kwako. Na mtoke kabla sijageuka."

Tulitoka. Mama balozi alitufunga wote wawili kwa kamba yake, mkono wangu wa kushoto, mkono wa kulia wa yule dada, akatuongoza kama mbuzi wa mnada, maana washtakiwa lazima waonekane ni washtakiwa. Tulipishana na lori barabarani likiingia kituoni. Dereva wake akapiga honi, mama balozi akampungia mkono kwa heshima zote.

Shauri lilisikilizwa Jumapili, baada ya kanisa. Mwizi alipatikana na hatia, akahukumiwa kumpandia balozi mihogo mingine, na safari hii iwe mitamu. Dada yake wa Rungwe Mpya aliletwa ashuhudie hukumu. Walishikana uani bila sauti, kwa muda mrefu sana, na sisi tuliokuwepo tukatazama pengine, hadi mama balozi akawatukana wote wawili kwa kuacha maharage yapoe.

Nilirudi Dar es Salaam na sura nzima ya tasnifu juu ya balozi na mwizi wa mihogo. Mwanahistoria aliandika pembeni: utani huu una umri gani? Mtaalamu wa siasa aliandika: kisanduku chake kiko wapi? Ilikuwa mara ya kwanza wote wawili kukerwa na ukurasa mmoja, na nadhani kwa sababu ya mshangao huo walinipasisha.

Lakini kabla sijaondoka Kasulu, siku yangu ya mwisho ya soko, nilikuwa nimeinama nachagua njegere. Mtu akanishika mkono kutoka nyuma kwa nguvu, akakinyakua kikapu changu.

"Uko chini ya ulinzi!"

Sauti niliijua, na lafudhi yake ya ng'ambo. Kina mama wa soko waligeuka wote. Hakuna aliyemuuliza kibali. Mmoja alimrushia kamba ya mgomba, akaidaka, akaanza kunifunga, akikosea fundo kwa sababu alikuwa anacheka. Nikasema nina kitunguu. Akasema kwa mpagazi mmoja kitunguu kizima ni ghali mno, nimtafutie chenji.

Nikainua mikono juu, kamba ikinining'inia, nikapaza sauti soko zima lisikie: njooni mwone, nimekamatwa na mwenyeji.